Besi wa Naivasha, Ukingo wa Longonot: Mwongozo wa Mwaka Mzima

Anayefika Naivasha mwishoni mwa juma anaweza kuvua besi asubuhi ya Jumamosi, na Jumapili akawa juu ya ukingo wa kreta ya Longonot, ziwa lile lile likiwa limetanda chini yake. Wengi huzichukulia hizi kuwa safari mbili tofauti. Wavuvi huulizia chambo, wapanda milima huulizia viatu. Lakini swali la kwanza kwa wote wawili ni moja: mvua iko wapi, na hasa imenyesha kiasi gani kwenye milima ya Nyandarua?

Mto Malewa unaanzia kwenye milima hiyo, nao ndio unaoliletea ziwa sehemu kubwa kabisa ya maji yake ya mito. Hakuna mto unaotoka ziwani. Maji hupenya chini ya ardhi, na hiyo ndiyo sababu yamebaki matamu katika Bonde la Ufa lenye maziwa mengi ya magadi. Kwa hiyo mvua ya Nyandarua huamua ziwa litakuwa na kina gani, maji yatakuwa na tope au la, na samaki watajificha wapi. Mvua hiyo hiyo huamua pia njia ipi ya mlimani inapitika. Ukijifunza kuisoma kalenda ya mvua, utajua wiki gani inafaa zaidi kwa ziwa, gani kwa mlima, na gani inafaa kwa vyote viwili.

Mjue samaki unayemfuata

Besi mdomo-mpana, ambaye wanasayansi humwita Micropterus salmoides, si mwenyeji wa Afrika. Alitoka Marekani na akatiwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Wageni wengine walifuata: aina kadhaa za tilapia, kisha kamba wekundu wa maji matamu kutoka Louisiana waliotiwa ziwani mwaka 1970. Kapu, samaki mkubwa wa magamba mapana, alianza kuonekana kwenye nyavu karibu na mwaka 2001, na katika miaka iliyofuata akawa ndiye anayejaza mitumbwi ya wavuvi. Samaki mmoja mdogo wa asili aliyekuwa akipatikana Naivasha peke yake hajaonekana tena tangu mwaka 1962.

Historia hii ina faida kwako unayeshika fimbo. Besi mkubwa hula kamba, basi palipo na kamba huenda besi hayuko mbali. Kapu naye hutafuta chakula kwa kuchimbua tope la chini na kuyachafua maji, ilhali besi ni mwindaji anayetegemea sana macho yake. Ukiona maji yamekuwa kama chai ya maziwa, ondoka. Tafuta ghuba ambako unaweza kuiona ncha ya kasia ikiwa imezama nusu mita.

Besi hazunguki ovyo kutafuta chakula. Hujibanza kando ya kitu, akavizia, kisha akafyatuka. Kwa hiyo usitupe chambo katikati ya maji matupu ukatumaini bahati. Tafuta kizuizi: ukingo wa mafunjo, kivuli cha magugumaji yanayoelea, gogo lililozama, mwamba, au mahali kina kinapobadilika ghafla. Tangu maji ya Naivasha yalipopanda, hasa kuanzia mwaka 2019, migunga mingi ya kando ya ziwa imefia majini ikiwa imesimama. Mashina hayo ni maficho mazuri ya besi. Vilevile ni hatari kwa injini ya boti, kwa hiyo pita polepole na umwache nahodha anayezijua njia ashike usukani.

Kabla ya kuingia majini

Pata kibali cha uvuvi wa burudani kutoka ofisi ya uvuvi, na uulize papo hapo kama kuna sehemu au kipindi kilichofungwa. Marufuku ya Naivasha si jambo la kubuni. Mwaka 2001 uvuvi wa biashara ulisimamishwa kwa takriban mwaka mzima ili samaki wapate kuongezeka.

Sehemu kubwa ya ufuo ni mali ya mashamba ya maua, hoteli na watu binafsi. Ingia kupitia kambi inayokukubali au mialo ya umma kama Kamere na Karagita. Unapofika mwaloni, salimia kwanza. Wazee wa pale wameliona ziwa likipanda na kushuka mara nyingi, na swali la heshima, "Mzee, leo maji safi yako upande gani?", litakufaa kuliko kifaa chochote cha kutafutia samaki. Nahodha unayemkodi mlipe haki yake, na mkubaliane saa na bei kabla ya injini kuwashwa.

Hatari kubwa ya ziwa hili ni kiboko. Usiku hutoka majini kula nyasi, na alfajiri hurudi. Usitembee ufuoni gizani, usisimame kati yake na maji, wala usimsogelee kwa ajili ya picha. Ondoka na boti kukiwa kumepambazuka vizuri. Mkiwa majini, mkiona pua au mapovu yanayosogea, zungukeni mbali. Kila mtu avae jaketi la kuokolea, hata anayejua kuogelea.

Hatari ya pili ni upepo. Asubuhi Naivasha huwa tulivu, lakini mchana upepo huamka na mawimbi yakawa makubwa kuliko mgeni anavyodhani. Panga kuwa umerudi nchi kavu kufikia saa 6 mchana.

Vifaa vinavyotosha

Huhitaji sanduku zima la chambo. Fimbo ya takriban mita mbili, yenye ugumu wa kati, na rili iliyozungushiwa mshipi unaohimili kilo 5 hadi 7 zinatosha. Ongeza koleo la kutolea ndoana, kimia chenye nyuzi laini, kofia, miwani ya jua, na aina tatu za chambo bandia: cha kuelea kinachorusha maji, cha chuma chenye kibati kinachozunguka na kumetameta, na mnyoo wa mpira.

Mnyoo wa mpira ndio unaopaswa kuujua vizuri kuliko vyote, kwa sababu hupita kati ya mashina na majani bila kunasa. Ufunge hivi:

1. Pitisha mshipi kwenye chubwi yenye umbo la risasi, ncha yake nyembamba ikielekea kwenye fimbo, na uiache iteleze huru.
2. Funga ndoana kubwa yenye shingo iliyopinda.
3. Choma ncha ya ndoana katikati ya kichwa cha mnyoo, izame kama nusu sentimita, kisha itokezee pembeni.
4. Vuta ndoana mpaka tundu lake liingie ndani ya kichwa cha mnyoo.
5. Igeuze ndoana, pima inapoangukia kwenye mwili wa mnyoo, kisha choma ncha tena mpaka ifichike chini ya ngozi ya mpira.

Shika mshipi na uuangalie mnyoo ukining'inia. Ukiwa umenyooka, uko tayari. Ukiwa umejikunja utazunguka majini na kuusokota mshipi, basi uchomoe uanze upya.

Utupe kando ya shina, uache uzame mpaka mshipi ulegee, kisha inua ncha ya fimbo taratibu na uishushe tena. Besi huuchukua zaidi unapozama kuliko unapovutwa. Utahisi mguso mdogo wa haraka, au utaona mshipi ukienda pembeni wakati hakuna upepo. Usivute hapo hapo. Shusha fimbo, kunja ulegevu wote, ndipo uipandishe kwa nguvu moja.

Januari hadi katikati ya Machi: kiangazi

Malewa imepungua na maji ya ziwa yametulia. Huu ndio msimu wa chambo cha kuelea. Saa mbili za kwanza baada ya mapambazuko, kitupe sambamba na ukingo wa mafunjo badala ya kukielekeza ndani yake, ili kipite mbele ya samaki wengi kwa mtupo mmoja. Kivute kidogo, kisimamishe mpaka viduara vya maji vipotee, kisha kivute tena. Jua likipanda, besi hushuka. Hamia kwenye maji ya kina karibu na Crescent Island na utumie mnyoo.

Kwa mlima, huu ni wakati mzuri kuliko wote wa kupanda Nyandarua yenyewe. Kilele chake kirefu zaidi, Ol Donyo Lesatima, kina mita 4,001, na njia zake hukauka miezi hii. Kuna nyati na tembo, kwa hiyo panda na askari wa hifadhi. Longonot pia hupandika, lakini vumbi la majivu ni jingi na jua ni kali. Beba leso ya kufunika pua, na usiwashe moto wowote, maana nyasi zimekauka kabisa.

Katikati ya Machi hadi Mei: masika

Kila asubuhi tazama mashariki, kuelekea Kinangop na Nyandarua. Mawingu mazito yakikaa huko siku mbili mfululizo, jua kwamba Malewa inashuka na tope. Mto unaingilia upande wa kaskazini, basi ukimbie upande huo. Vua kusini na mashariki, kwenye ghuba ambazo maji ya mto hayajazifikia. Ziwa likipanda na kufunika nyasi za ufuoni, kamba huingia humo kula, na besi huwafuata. Hapo tupa mnyoo wa rangi nyeusi au kahawia kwenye mpaka wa nyasi na maji wazi. Kukiwa na tope kiasi, chambo chenye kibati husaidia, kwa sababu besi huhisi mtikisiko wake kwa mstari wa hisi ulio ubavuni hata asipoona vizuri.

Milimani, huu ni msimu wa kujizuia. Barabara za Nyandarua huwa matope matupu. Longonot panda tu asubuhi kavu, na uwe umeshuka kabla ya mawingu ya mchana. Kuhusu bonde jembamba la Ol Njorowa ndani ya hifadhi ya Hell's Gate, neno ni moja: usiingie. Mwaka 2012 na tena 2019, watu waliokuwa wakitembea humo walikufa kwa mafuriko ya ghafla. Maji huweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali wakati juu yako mbingu ni nyeupe, na kuta za bonde hazikupi pa kupanda. Uliza langoni ni sehemu zipi zimefunguliwa, na jibu la askari ulitii bila kubishana. Upande wa juu wa hifadhi, wenye pundamilia, twiga na mnara wa mwamba wa Fischer, unatosha kabisa kwa matembezi ya miguu au baiskeli.

Juni hadi Septemba: baridi

Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na Julai mtu wa pwani atatafuta blanketi la pili. Maji yakipoa, besi hupunguza mwendo. Usihangaike kuwahi sana. Saa 3 hadi saa 5 asubuhi, jua linapoanza kuyapasha maji ya kina kifupi, mara nyingi huzaa kuliko alfajiri. Punguza kasi yako yote: mnyoo uache chini kwa muda mrefu kuliko unavyoona ni kawaida, kisha usogeze kidogo tu.

Longonot sasa inapendeza. Hewa ni baridi, vumbi limepungua na nyasi bado zina kijani. Ukungu unaweza kuziba kreta mapema asubuhi, lakini kwa kawaida huondoka jua likipanda. Nyandarua nayo hufunikwa na ukungu na baridi kali. Aendaye huko ajipange kwa sweta nzito na koti la mvua.

Oktoba hadi Desemba: vuli

Mvua hizi huja kwa vipande: asubuhi jua, mchana dhoruba. Saa chache kabla ya dhoruba, mawingu yakitanda na mwanga kufifia, besi huweza kula kwa pupa karibu na uso wa maji. Rudisha chambo cha kuelea. Lakini ngurumo ya kwanza ikisikika, hata kwa mbali, laza fimbo na urudi nchi kavu. Fimbo nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa nyuzi za kaboni, ambazo hupitisha umeme, nawe uko juu kuliko kila kitu kwenye maji wazi.

Sheria hiyo inafanya kazi juu ya Longonot pia, kwa kuwa ukingo wa kreta hauna pa kujificha. Anza mapema, na dhoruba ikikukuta nusu ya njia, geuka.

Jinsi ya kumshika na kumwachilia

Chukua samaki wachache wa kula siku hiyo, na uwarudishe wengine, hasa wakubwa. Besi dume hufyeka kiota kwenye maji ya kina kifupi na kulinda mayai na vifaranga. Ukimwondoa mlinzi, samaki wengine huvamia kiota mara moja. Ukiona besi anayerudi mahali pale pale penye duara safi chini ya maji, mwache.

Lowesha mikono kabla ya kumgusa, ili usimwondolee ute unaomkinga na maradhi. Mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba. Meno yake ni kama msasa na hayatakuumiza. Samaki mkubwa usimning'inize kwa mdomo. Tia mkono wa pili chini ya tumbo. Toa ndoana kwa koleo, piga picha moja, na umrudishe majini akiwa amelala sawa mpaka aondoke mwenyewe. Kipande chochote cha mshipi uliokatika kirudi nawe. Furukombe na mnandi hunaswa miguu na mabawa kwa nyuzi zilizoachwa mafunjoni, na wanakufa polepole.

Na usihamishe kamba wala samaki hai kutoka Naivasha kwenda bwawa au mto mwingine, hata kwa nia njema. Umeona jinsi ziwa hili lilivyobadilishwa na viumbe walioletwa. Mto wa kijijini kwenu haustahili jaribio hilo.

Kupanda Longonot

Longonot ni volkano yenye kilele cha mita 2,776, na hifadhi yake ilianzishwa mwaka 1983. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita 3. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2. Kwa kwenda na kurudi, tenga saa tano ukiwa na mwendo wa kawaida.

Lipia mapema kwa mtandao, kwa kuwa lango halipokei fedha taslimu, na ufike linapofunguliwa, saa 12 asubuhi. Beba angalau lita mbili za maji kwa kila mtu, kwani juu hakuna maji. Viatu viwe na soli yenye meno. Sababu utaiona mwenyewe: njia imechongwa kwenye majivu ya volkano, na maji ya mvua yameikata kuwa mifereji, mingine yenye kina cha kufikia kiuno au zaidi. Sehemu ya juu ya udongo mgumu hufunikwa na changarawe laini inayoteleza mguu unapouweka bapa. Unapopanda, kanyaga kwa hatua fupi. Unaposhuka, geuza nyayo pembeni kidogo na kunja magoti, usiegemee nyuma.

Ukifika ukingoni, pumzika na uamue kwa ukweli. Kuzunguka kunajumuisha mteremko na mpando mkali karibu na kilele, pamoja na sehemu nyembamba zenye poromoko upande mmoja. Mwenye watoto wadogo, au aliyemaliza nusu ya maji yake, amefika pa kutosha. Chini kwenye kreta kuna msitu mnene, na mvuke hutoka katika nyufa za kuta. Usijaribu kushuka humo bila askari wa hifadhi, maana nyati wapo na njia haziko wazi.

Ukiwa na siku mbili tu

Siku ya kwanza vua, kwa sababu ziwa hufunga shughuli zake mchana upepo unapoamka, na jioni yote inabaki ya kupumzisha miguu na kunyoosha mgongo. Siku ya pili panda, kisha urudi nyumbani moja kwa moja. Ijumaa jioni uliza mambo matatu: kama imenyesha Nyandarua juma hilo, maji yako vipi upande wa kusini wa ziwa, na njia ya Longonot iko katika hali gani. Maji yakiwa na tope kila mahali lakini mlima umekauka, ipe Longonot siku yako bora na uiache fimbo ndani ya gari. Mlima ukiwa na dhoruba lakini ziwa ni safi, fanya kinyume chake. Majibu yote yakiwa mabaya, ahirisha. Anayeahirisha juma moja hajapoteza kitu, kwa sababu mvua hiyo hiyo inayomzuia ndiyo inayolijaza ziwa atakalovua msimu ujao.